Tumbo Litazame Nyuma

Ukifungua gari la marehemu baba yako ukakuta maandishi mekundu ndani yake, tafadhali usifanye nilichofanya mimi.

Mimi niliyafuta.

Niliyafuta kwa petroli na brashi ya waya, huku nasali, huku shemeji yangu yuko nje ya geti kashika tumbo. Mpaka leo nikikumbuka najipiga kofi la paji la uso, hata niwe kazini mbele ya watu.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiendelea hivi mtasema nimevuta kitu.

Nyumbani kwetu kuna gari tunaliita Kobe. Ni kuukuu kiasi kwamba vijana wa duka la spea wakilisikia jina lake wanakwenda kumwita mzee aliyeko stoo. Mlango mmoja unafunguka kwa ndani tu, mwingine kwa nje tu. Ukipanda, unajua mwenyewe utokee wapi.

Lilikuwa la baba. Baba alikuwa karani wa ghala, lakini mtaa mzima walimwita Meneja kwa jinsi alivyotembea.

Na Meneja alikuwa na hadithi moja aliyoisimulia kila mgeni akija. "Klachi ya gari hili tulibadilisha hapa hapa uani. Hatukuita fundi. Tulishusha gia boksi, tukafunga klachi mpya, tukapandisha."

Tulibadilisha. Hatukuita. Tukapandisha.

Sisi watoto tulikuwa tunacheka chini chini. Mzee kwa madaha yake anajiita "sisi" kama mfalme! Mgeni akiuliza "wewe na nani, Meneja?", baba anakunywa chai na kutazama ukutani.

Basi baba alipofariki, mimi ndiye niliyesimama kusema neno msibani. Nikasema, kwa sauti ya kutetemeka, "Baba yetu alikuwa mtu wa mikono. Alibadilisha klachi peke yake, uani, kwa mikono yake miwili."

Mama pale mbele akajifunika uso kwa mtandio. Mabega yakaanza kutikisika, yanatikisika, yanatikisika. Shangazi wawili wakamshika huku na huku. Watu wakasema maskini, maneno ya mwanawe yamemchoma moyo.

Kumbukeni hayo mabega. Tutayarudia.

Miaka minne ikapita. Klachi nayo ikachoka. Unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele hadi majirani wanachungulia, gari linatambaa. Kwenye kale kamlima ka kuingilia kwetu likawa halipandi tena, linatoa harufu ya kuungua tu.

Mama akasema, "Liuzwe. Nimeshaongea na mtu wa vyuma chakavu. Anakuja Jumamosi na lori lake."

"Mama! Gari la baba?"

"Limekosa mwenyewe," akasema. Akarudi kwenye cherehani yake.

Mimi hapo nikaumia kweli. Nikaona mama amemsahau mzee. Gari litakwenda kukatwa vipande vipande, na kitu cha mwisho kilichoguswa na mikono ya baba ndani yake, ile klachi, kitatupwa kwenye rundo la mabati.

Nikasema, "Nitaibadilisha klachi mwenyewe. Hapa hapa uani, kama baba."

Mama akanitazama juu ya miwani. Nadhani mnapaswa kujua kwamba kazi yangu mimi ni kupima watu macho na kuwauzia miwani. Spana naijua kwa sura.

"Kama baba," akarudia mama.

"Ndiyo, kama baba. Jumamosi likitoka getini kwa nguvu zake, haliuzwi."

"Haya. Na lisipotoka, usinililie."

Tukakubaliana.

Jumatano nikachukua likizo, nikamwita shemeji, mume wa dada yangu. Tunamwita Injinia. Hajasomea chochote kinachohusu injini, ila ametazama video nyingi.

Alikuja na ovaroli mpya, mikunjo ya dukani bado iko. "Shikamoo mama," akamsalimu mama aliyekuwa kibarazani anashona sare za shule.

"Marahaba mkwe. Mmetoa waya wa betri?"

Injinia akacheka. "Mama, usijali, tuko makini."

Tulikuwa hatujatoa.

Tukampandisha Kobe juu ya stendi nne za chuma tulizoazima. Tukaingia chini. Kila baada ya muda sauti ya mama inakuja kutoka kibarazani, cherehani ikinyamaza kidogo.

"Hiyo bolti ya juu haionekani. Mpapase kwa vidole nyuma ya stata."

Au, "Jeki iwekeni ubao juu yake, mtatoboa chuma."

Nikachoka. Nikatoa kichwa nje, uso mzima grisi, nikasema maneno ambayo naomba msinihukumu sana. "Mama yangu, nakuomba. Kaa pembeni. Hii kazi ya wanaume."

Mama akauma uzi, akautema. "Haya, wanaume."

Ile bolti ya juu tuliitafuta saa mbili nzima. Ilikuwa nyuma ya stata.

Alasiri gia boksi ikashuka. Tukaivuta nje, tukaigeuza. Injinia akamulika tochi ndani ya ule mdomo wake mpana unaofunika klachi. Akaganda.

"Shem," akasema polepole. "Hebu njoo uone."

Ndani mle, juu ya chuma, chini ya vumbi jeusi, kulikuwa na maandishi. Mekundu. Herufi kubwa.

TUMBO LITAZAME NYUMA.

Na herufi N ilikuwa imeandikwa kinyume, kama unaisoma kwenye kioo.

Nywele zikanisimama. Haki ya Mungu, jua linawaka, nikasikia baridi.

"Hiyo N unaiona?" Injinia akanong'ona. "Mambo ya kuandika kinyume nayajua mimi. Hapa mtu alifungiwa kitu. Baba yako alikuwa na maadui kazini?"

"Karani wa ghala atakuwa na maadui gani?"

"Shem, hilo tumbo ni la nani? Litazame nyuma vipi? Tumbo likitazama nyuma, huyo mtu mzima kweli?"

Nikataka kucheka. Kisha nikakumbuka kuwa baba, mwaka wake wa mwisho, alikuwa analalamika tumbo.

Injinia naye akajishika tumbo. "Limeanza," akasema. "Wallahi limeanza kuninyonga."

Alikuwa amekula maharage ya juzi, hilo alikuja kukiri dada yangu baadaye. Wakati ule sikujua. Niliona tu mtu mzima anavua ovaroli mpya huku anakimbia, mguu mmoja umenasa, anaruka na mmoja hadi getini.

Nikachukua petroli. Nikachukua brashi ya waya. Nikasugua na kusugua mpaka chuma kikang'aa. Chini yake kulikuwa na gamba nene la grisi, sikulifikia, mkono uliniuma.

"Unasugua nini?" mama akauliza.

"Uchafu tu, mama."

Sikutaka kumtisha. Mama wa watu, mjane, nianze kumwambia habari za kulogwa?

Alhamisi nikawa peke yangu. Klachi kuukuu nikaitoa. Ilikuwa imelika mpaka kwenye misumari yake. Nikachukua mpya.

Sasa, kwa wasioijua, pleti ya klachi ni duara bapa kama sahani. Upande mmoja uko sawa, upande wa pili katikati pametuna, pana springi. Ikae upande gani? Kitabu cha gari baba alikiazimisha kwa mtu zamani. Video ya Injinia ilikuwa ya gari jingine.

Mama akaja, mkononi ana kijiti chake.

Hicho kijiti nakijua. Ni kipande cha mpini wa ufagio, ncha yake imezungushiwa uzi mweusi ikanenepa. Anakitumia kugeuzia mikanda ya magauni, ndani kuwa nje. Na utotoni kilitumika kunigeuzia tabia.

"Chukua, kitakusaidia kuweka katikati," akasema.

"Mama, hii siyo gauni."

"Na hiyo pleti inaangalia wapi?"

Nikawaza haraka. "Mbele. Gari si linaenda mbele?"

Mama akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama kijiti chake, akanitazama mimi, akaondoka nacho. Nikajisifu moyoni kwamba leo nimemjibu.

Sitawasimulia jinsi nilivyoirudisha gia boksi peke yangu na jeki moja. Itoshe kusema niliitukana matusi ambayo sikujua ninayo.

Ijumaa asubuhi nikashusha gari chini. Mama kibarazani. Nikawasha. Injini ikaitika vizuri, moyo wangu ukaruka. Nikakanyaga klachi hadi mwisho, nikaingiza gia.

Kraaaa.

Nikajaribu tena. Kraaaaaa. Gia ya pili, kraaa. Ya nyuma, ndiyo usiseme, Kobe mzima alitetemeka na kioo cha pembeni kikaanguka. Unakanyaga, hakiachii kitu. Ni kama pedali haimo.

Nikazima. Nikaweka kichwa kwenye usukani.

Nilikuwa nimeshindwa. Kesho lori linakuja, Kobe anakwenda kukatwa, na niliyemuua ni mimi. Mtoto wa Meneja! Machozi yakanitoka, sifichi, mtu mzima nalia kwenye gari lisiloenda.

Mama akaja dirishani na kikombe cha chai. "Kunywa."

Nikanywa. Nikakiinua kikombe juu kumaliza tone la mwisho. Mama alikuwa bado amesimama pale. Akakipokea, akakipindua kumwaga majani ya chai, kitako chake kikanitazama usoni.

Kitakoni, kwa herufi kubwa nyekundu, kumeandikwa NIRUDISHE.

Hilo neno limo kwenye kila chombo chetu. Kila sufuria, kila sahani, kila jagi. Mama huandika kwa rangi ya kucha, ili vyombo vikiazimwa kwenye shughuli za watu virudi. Nimekula kwenye vyombo hivyo maisha yangu yote.

Lakini siku hiyo ndiyo niliiona N. Ilikuwa kinyume.

Nikamtazama mama. Nikatazama kikombe. Nikamtazama mama.

"Mama," nikasema. "Tumbo litazame nyuma?"

"Si uliyasoma?" akasema. "Nikajua umeyasoma! Sasa kwa nini umeifunga tumbo mbele?"

"Tumbo la..."

"La pleti! Ule upande uliotuna, wenye springi. Utazame nyuma, kwenye gia boksi. Ukiuweka mbele unasugua injini, gia haziingii. Niliandika mle ndani ili atakayefungua baadaye asihangaike. Nguo nayo si naitia alama upande wa ndani? Sasa wewe umesoma ukaelewa nini?"

Kuna mambo huwezi kumwambia mama yako.

"Basi yatakuwa bado yapo, utayaona tena," akasema.

"Nimeyafuta," nikasema kwa sauti ya panya. "Tulidhani tumelogwa."

Mama akanitolea macho. Akashika mlango wa gari. Akajifunika uso kwa mtandio. Mabega yakaanza kutikisika, yanatikisika, yanatikisika.

Na hapo ndipo nilipoelewa msibani kulitokea nini.

"Mama! Siku ile ulikuwa unacheka?"

"Nilijitahidi," akasema huku anajifuta macho. "Lakini wewe na hiyo 'mikono yake miwili'! Meneja yule? Aliyekuwa anafungua nati kwa kuikaza? Nililia usiku, mwanangu, nililia sana. Lakini pale, uliniponza."

Ikabidi nishuke garini nikae chini kwenye saruji.

Baba wa mama alikuwa fundi wa magari ya mizigo. Hilo nililijua. Sikuwahi kujiuliza binti yake aliyekuwa anampelekea chakula gereji kila siku alikuwa anatazama nini.

"Kwa hiyo baba alitudanganya miaka yote," nikasema.

Mama akaacha kucheka. "Baba yako hakudanganya hata siku moja. Alisemaje?"

"Alisema tulibadilisha."

"Basi. Tu-li-badilisha." Alivuta ile 'tu' kama anavuta uzi. "Ninyi ndio mliosikia nilibadilisha."

Jamani. Miaka thelathini namcheka mzee kwa kujiita sisi. Kumbe walikuwa wawili.

"Na alipoulizwa na nani?"

"Mimi nilimkataza. Wateja wangu wangeanza kuniletea magari badala ya magauni." Akanyoosha mguu wa kushoto, akalikanda goti. "Sasa goti hili, nikilala chini siinuki. Ndiyo nikasema liuzwe, limekosa mwenyewe."

Nilidhani mwenyewe ni baba.

Nikamwambia, "Nisamehe, mama. Kwa ile ya kukaa pembeni."

"Utanisamehesha vizuri. Lete jeki. Na hiyo stata, leo unajua bolti iko wapi."

Mchana kutwa tukashinda hapo. Mimi nafungua, yeye amekaa kwenye stuli ya cherehani anaamrisha. Kazi iliyotuchukua wawili kutwa nzima Jumatano, safari hii niliimaliza kwa saa chache. Gia boksi ikawa chini tena, pleti nikaigeuza mwenyewe. Tumbo nyuma.

"Sasa kuweka katikati," akasema. "Hapo wewe sikuamini. Nitandikie boksi."

"Mama, goti!"

"Goti litaniinukia kesho. Nitandikie."

Nikatandika kadibodi. Mama yangu, na miwani yake, na gauni lake la maua, akalala chali akajisukuma chini ya Kobe. Akachukua kijiti chake. Akakipitisha kwenye tundu la pleti, ncha yenye uzi ikaingia kwenye kitundu cha injini ikakaa ndi! Kijiti nilichochapwa nacho miaka yote kilikuwa kifaa cha klachi. Mikanda ya magauni ilikuwa kibarua tu.

"Nimulikie," akasema.

Nikamulika.

"Siyo huko! Unamulika masikio yangu! Kulia."

"Kulia kwako au kulia kwangu?"

"Ee Mungu. Sasa umenimulika machoni."

Nikahamisha tochi haraka, mwanga ukaangukia mdomo wa gia boksi iliyokuwa pembeni yetu. Petroli yangu ya Jumatano ilikuwa imelilainisha lile gamba la grisi, likaanza kubanduka. Chini yake niliona wekundu.

Nikapangusa kwa kidole. Kulikuwa na mstari wa pili ambao sikuufuta.

FUNDI: MIMI. TOCHI: MENEJA.

N zote kinyume.

Nikabaki nimeduwaa, tochi imeelekea juu, namulika kamba ya nguo.

Mama kule chini akapiga kelele, "Wewe! Tochi! Baba yako mtupu!"

Maisha yangu yote nimetaka mtu aniambie hivyo. Nilitaka kuambiwa kazini, mtaani, msibani, kwamba mimi ni baba yangu mtupu. Nikaambiwa nimepiga magoti kwenye grisi, kwa hasira, kwa sababu sijui kushika tochi. Nikacheka mpaka nikalia, na mwanga ukazidi kuyumba, na mama akazidi kunitukana.

Kumwinua ilibidi nimwite jirani.

Jumamosi asubuhi tukamalizia bolti za mwisho. Mtu wa vyuma chakavu akaja na lori lake na mnyororo, akasimama kando ya geti. "Liko wapi marehemu?" akauliza.

Nikaenda kufungua mlango wa dereva. Mama akanisukuma kwa kiwiko. "Pisha."

Akaingia. Akawasha. Akakanyaga klachi kwa lile goti bovu, akasubiri, akatabasamu. "Laini," akasema. Gia ikaingia bila hata kukohoa.

Kobe akatoka getini kwa nguvu zake. Mama akampungia mkono mtu wa vyuma chakavu. Yule bwana akanigeukia, "Sasa mimi nimefuata nini hapa?" Nikamkaribisha chai.

Mama hakurudi mpaka saa sita. Nilidhani amekwenda kaburini kwa baba, nikajiandaa kumpokea kwa upole. Dada yangu akanipigia simu anacheka hadi hasikiki. Mama alikuwa nje ya nyumba yao, amepiga honi mpaka Injinia akatoka na taulo.

"Mkwe," akamwuliza, "tumbo linatazama wapi leo?"

Injinia mpaka sasa hajaja kwetu. Ovaroli yake tunadekia.

Na zile herufi nilizozifuta? Kabla hatujapandisha gia boksi, mama alinipa kichupa cha rangi ya kucha. Akaniambia rudisha ulichotoa, na chini yake weka la kweli. Akaondoka kwenda kukanda goti lake, hakutazama.

Nikaandika TUMBO LITAZAME NYUMA. Ile FUNDI: MIMI ya mama nikaiacha kama ilivyo. Nikaongeza maneno mawili tu baada ya jina la baba. Sasa mstari huo unasomeka hivi:

FUNDI: MIMI. TOCHI: MENEJA, HALAFU MWANAWE.

N zangu nilizigeuza zote, ili zifanane na za mama.

Nililojifunza ni hili, na mlichukue bure: kabla hujamwambia mtu akae pembeni, muulize kwanza nani alikifunga hicho kitu mara ya mwisho. Na mzee wako akisema "tulifanya", usimcheke. Uliza mwingine ni nani, ungali unaweza kumuuliza.